Macho ya mtoto mchanga



Safari hii tunajifunza jambo ambalo wengi wetu hapa Mutanga Nord tunaliona na kulinyamazia. Mtoto anazaliwa mzima, kisha siku ya tatu macho yanavimba, kope zinashikana, usaha unatoka. Bibi anasema ni jicho la husuda. Sivyo.

Vijidudu vinavyoleta hali hiyo ni vingi, lakini vya kuogopwa zaidi ni vya kisonono na klamidia. Hukaa katika njia ya uzazi ya mama, na mtoto huvipata anapozaliwa. Kisonono huanza kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 5, nacho kina haraka: kinaweza kutoboa kioo cha jicho, mtoto akawa kipofu. Klamidia hutokea siku ya 5 hadi ya 14, na inaweza kufika mapafuni.

Kinga yake ni ya zamani. Mwaka 1880, daktari Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kuwatia watoto wachanga tone la dawa ya fedha machoni, na ugonjwa ukapungua sana. Karibu nasi, huko Kikuyu, Kenya, watoto zaidi ya 3,000 walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 1995: matone ya iodini, tena ya bei ndogo, yalikinga kuliko ile dawa ya fedha. Siku hizi wakunga wengi hutumia pomada ya tetrasiklini, mara moja tu baada ya kuzaliwa, macho yote mawili. Mama, iulizie. Uliyejifungulia nyumbani, mpeleke mtoto siku ileile.

Usaha ukishaanza, pomada peke yake haitoshi, wala maziwa ya mama jichoni. Mtoto huhitaji sindano au dawa ya kunywa, na mama na baba watibiwe pamoja.

Hapo ndipo nyumba nyingi hugombana. Baba, wanawake wengi wenye vijidudu hivi hawasikii dalili yoyote, na usaha wa mtoto hausemi nani alileta wala lini. Tena kati yetu wako waliotendewa kwa nguvu njiani tulipokimbia. Tusiwaongezee jeraha.

Mkielekea kituo cha afya, futeni kila jicho kwa kitambaa chake safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha nawa mikono kwa sabuni, maana usaha huo huambukiza hata macho ya mtu mzima. Nendeni leo, hata kama ni Jumapili.