Mchezo wa Tawla

Katika nchi za Uturuki, Syria na Misri uko mchezo wa ubao uitwao tawla. Jamaa huucheza nyumbani jioni, na wazee huucheza penye kahawa. Waajemi huuita nard, nao wanaujua tangu kale. Kitabu chao kimoja cha zamani chafananisha kete zake 30 na siku 30 za mwezi: nyeupe ni mchana, nyeusi ni usiku.

Wachezaji ni wawili. Ubao una nyumba 24, na kila mmoja ana kete 15. Mchezaji hutupa dadu mbili, kisha huzisogeza kete zake kwa hesabu aliyoipata. Dadu zikilingana, huenda hesabu hiyo mara 4. Atangulizaye kuzitoa kete zake zote ndiye mshindi.

Kete iliyo peke yake yaweza kupigwa na mwenziwe, ikalazimika kuanza safari upya. Lakini kete mbili zikikaa pamoja, nyumba ile imefungwa. Tena mtu akizifunga nyumba 6 zinazofuatana, amejenga ukuta usiorukika. Sababu yake ni hii: dadu haipiti 6, na kila hatua sharti itue mahali palipo wazi.

Wengi wakishindwa huilaumu dadu. Je, lawama hiyo ni ya haki? Dadu mbili huanguka kwa namna 36. Ikiwa njia i wazi, na kete ya pekee iko nyumba 6 mbele ya kete ya mwenziwe, namna za kuipiga ni hizi: 11 zenye 6, 2 za 5 na 1, 2 za 4 na 2, 1 ya 3 na 3, na 1 ya 2 na 2. Jumla ni 17. Lakini ikiwa nyumba 7 mbele, namna ni 6 tu. Hatua moja imeiondoa hatari nyingi kiasi hicho!

Basi dadu haimtii mtu, lakini mahali pa kuiweka kete ni shauri la mchezaji mwenyewe. Asiyehesabu huita bahati mbaya jambo alilolitengeneza kwa mkono wake.

MASWALI
1. Kwa nini ukuta wa nyumba 5 waweza kurukwa, na wa 6 hauwezi?
2. Taja namna 6 za kuipiga kete iliyo nyumba 7 mbele.
3. Kete ikiwa nyumba 1 tu mbele, namna za kuipiga ni ngapi?