Jangwa la Oman na Boriti za Delta Yetu

Katika mtihani wa muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Pili waliulizwa: Jangwa ni nini? Wengi walijibu kwamba ni nchi ya mchanga isiyo na kitu. Jibu hilo lilikosa alama. Basi, kwa kuwa shule yetu iko Kibiti, si mbali na delta ya Rufiji, yafaa tulisahihishe kwa kuitazama nchi moja ya jangwa ambayo wazee wa delta waliijua kwa biashara, nayo ni Oman.

Oman iko pembe ya mashariki ya Bara Arabu. Eneo lake ni kilomita za mraba 309,500 hivi, yaani karibu theluthi moja ya Tanzania. Kwa nini ni kavu, hali imepakana na bahari? Fungua ramani utazame: mstari wa Tropiki ya Kansa unapita karibu sana na mji wa Muscat. Katika latitudo hizo hewa iliyopanda kwenye Ikweta hushuka tena, na ikishuka hupata joto, mawingu yasifanyike. Muscat hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka. Huku kwetu hukaribia 1,000. Hakuna mto wa kutiririka mwaka mzima. Yako mabonde makavu yaitwayo wadi, nayo mvua ikinyesha ghafula hufurika kwa saa chache na kuchukua watu na mali.

Hata hivyo si mchanga mtupu. Kaskazini iko milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jabal Shams, kina urefu wa mita 3,000 hivi. Katika milima hiyo shaba ilichimbwa tangu zama za kale. Kusini, katika Dhofar, pepo za kusi huleta manyunyu tangu Juni hata Septemba, na nyuma ya vilima hivyo huota mti wa ubani. Mafuta ya petroli yalianza kusafirishwa nje mwaka 1967.

Lakini kabla ya mafuta, mali kubwa ilikuwa maji. Waomani walichimba kisima kirefu chini ya mlima, kisha wakatoboa njia ardhini, yenye mteremko mdogo sana, mpaka maji yakatokea yenyewe mashambani mwa mitende. Njia hiyo huitwa falaji. Kila mwenye shamba ana zamu yake, iliyopimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Falaji zipatazo 3,000 zingali zikitumika, na mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Mawe walikuwa nayo, udongo na tende pia. Walichokosa ni mti mgumu ulionyoka. Shina la mtende ni nyuzinyuzi, halidumu chini ya dari nzito. Ndipo majahazi yalipokuja na kaskazi, yakaingia milango ya delta kama Simba Uranga, yakapakia boriti za mikoko, na kurudi na kusi mpaka Muscat, Bahrain na Kuwait. Boriti zilihesabiwa kwa korja, yaani 20 pamoja. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika deltani na jahazi la Kuwait la nahodha Ali al-Najdi kuchukua shehena hiyo, naye akaandika habari zake. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa vyumba: ukiingia nyumba ya mawe ya kale, Unguja au Ghuba, utaona chumba ni kirefu lakini chembamba.

Saruji na chuma vimeiua biashara ile. Mikoko ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, haijapumzika kwa hayo. Upande wa kaskazini wa delta hukatwa kupisha mpunga. Tena delta yenyewe ni tope lililoletwa na mto. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, hunasa sehemu ya tope hilo huko juu. Tope likipungua, bahari husogea.

Na hapa wale walioandika “isiyo na kitu” wafikiri tena. Wakati wa kiangazi maji ya chumvi hupanda mitoni, na mama zetu wa delta hupiga kasia mbali kutafuta maji ya kunywa, hali wamezungukwa na maji pande zote. Mwomani wa jangwani alikuwa na zamu yake ya falaji.

Kazi ya likizo: Wale wa Nyamisati na Salale waulize nyumbani ni mwezi gani kisima huanza kuonja chumvi, na kama zamani ulikuwa huo huo. Wapime pia boriti moja ya nyumba ya zamani, kwa mita, waandike ni ya mkoko, msinzi au mkandaa.