Kipindi cha Kiswahili katika Darasa Jumuishi: Nafasi ya Mwanafunzi Asiyesikia na Asiyeona

Utangulizi

Mjadala kuhusu elimu jumuishi nchini Kenya aghalabu huachiwa wataalamu wa elimu maalumu na maafisa wa wizara. Huzungumzwa habari za njia za viti vya magurudumu, vyoo, madawati na fedha. Mambo hayo yana uzito wake, na hakuna anayeweza kuyapuuza. Hata hivyo, makala haya yanaingia kwa mlango mwingine. Yanauliza ni nini humpata mwanafunzi mwenye ulemavu ndani ya zile dakika arobaini za kipindi cha Kiswahili, pale ambapo mwalimu ni sisi na wala si mtaalamu wa mahali pengine.

Usuli wa suala hili unajulikana. Tamko la Salamanca, lililotolewa nchini Hispania mwaka wa 1994 chini ya UNESCO, lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za kimwili au za kiakili. Mwaka wa 2003 serikali ya Kenya ilianzisha elimu ya msingi bila malipo, na madarasa yakafurika. Sera ya kitaifa kuhusu elimu ya mahitaji maalumu ilitolewa mwaka wa 2009, ikafuatwa na sera nyingine mwaka wa 2018. Kati ya tarehe hizo Kenya iliuidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu (2008), na Katiba ya 2010 ikazitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli miongoni mwa njia za mawasiliano ambazo Serikali inawajibika kuziendeleza. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Darasani hali ni tofauti. Shule nyingi zinazojiita jumuishi zina kitengo maalumu chenye mlango wake, mwalimu wake na hata kengele yake. Mtoto yumo ndani ya ua wa shule lakini hayumo darasani.

Tunawaitaje?

Kabla ya kufika darasani, inafaa tulichunguze jina. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Hiyo ni sheria inayohusu msamiati, na kwa hiyo ni sheria inayotuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko watu wengine.

Wapo wanaodai kwamba maneno kipofu, kiziwi, kilema na kiwete yana dharau kwa sababu ya kiambishi ki-, ambacho hutumika kudunisha. Dai hili linavutia lakini halitoshi. Kiambishi hicho hicho kimo katika kijana, kiongozi, kinyozi na kipenzi, na hakuna kiongozi aliyelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi uliwatoa watu hawa katika ngeli ya vitu zamani: husemwa ‘kiziwi amefika’, wala si ‘kiziwi kimefika’. Anayesema ‘kiziwi kimefika’ anajua anachokifanya. Anatukana kwa sarufi. Dharau, kwa maoni yangu, haikai katika kiambishi bali katika matumizi: katika mwalimu anayemwuliza mwanafunzi aliyechelewa kujibu, “Wewe ni kiziwi?”

Neno mlemavu limeundwa kutokana na kitenzi lemaa, kwa njia ile ile iliyozaa mpotevu kutokana na potea. Linamtaja mtu mzima kwa hali yake moja. ‘Mtu mwenye ulemavu’ humtanguliza mtu, nao ulemavu ukawa kitu alicho nacho miongoni mwa vingine. Tofauti hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli. Kuhusu ‘asiyesikia’ na ‘asiyeona’, ambayo nimeyatumia katika kichwa cha makala haya, pana mtego ambao wengi hawauoni. Katika Kiswahili, kusikia ni kutii pia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kusikia anarithi, kwa jina tulilodhani ni la adabu, sifa ya ukaidi. Ndiyo maana sioni sababu ya kulikimbia neno kiziwi, mradi litumike kwa heshima.

Neno jumuishi lenyewe linastahili kutazamwa. Kitenzi jumuika hakihitaji yambwa: mtu hujumuika na wenzake. Jumuisha kinadai mtenda na mtendwa. Tulipochagua istilahi ‘elimu jumuishi’ tulichagua upande wa mtenda, yaani shule inayomjumuisha mtoto. Ni sawa, kwa kuwa wajibu ni wa shule. Lakini kipimo cha kufaulu kwake ni kitenzi kile kingine: je, mtoto amejumuika?

Kipindi kinachomtoa mtoto nje

Katika mtaala wa Kenya, mwanafunzi kiziwi husoma Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Ndivyo ilivyo katika mtaala wa umilisi, na ndivyo ilivyo katika mtihani wa KCSE, ambapo Lugha ya Ishara hutahiniwa kama mbadala wa Kiswahili. Uamuzi huu ulikuwa ushindi kwa jamii ya viziwi. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ni lugha yenye sarufi yake, na mtoto kiziwi anastahili kuisoma kama lugha yake ya kwanza. Isitoshe, kumlazimisha afanye zoezi la imla au la kusikiliza kisha kumpa sufuri lilikuwa jambo la kikatili.

Lakini tuutazame uamuzi huo kutoka ndani ya darasa jumuishi. Hisabati inaposomwa, mtoto kiziwi yumo. Sayansi inaposomwa, yumo. Kengele ya Kiswahili inapolia, yeye hutoka, ikiwa yupo mwalimu wa ishara. Na ikiwa hayupo, hukaa kimya nyuma ya darasa akisubiri kipindi kiishe. Somo letu, ambalo tunalisifu kuwa lugha ya taifa na ya umoja, ndilo linalomtenga. Matokeo yake hayaishii shuleni. Katiba yenyewe ina toleo la Kiswahili. Mabango ya kampeni, matangazo ya hospitali na maelezo yaliyobandikwa kwenye ofisi za machifu huandikwa kwa Kiswahili pia. Kiziwi asiyesoma Kiswahili hupitwa na hayo yote, ingawa yameandikwa na macho yake ni mazima.

Sipendekezi kwamba Lugha ya Ishara iondolewe. Ninachohoji ni ile ‘badala ya’. Kusikiliza na kuzungumza ni stadi mbili. Kusoma na kuandika ni stadi nyingine mbili, na hizi hazihitaji sikio. Mtoto kiziwi angeweza kufundishwa Kiswahili cha maandishi kama lugha ya ziada, apimwe kwa kusoma na kuandika tu, huku Lugha ya Ishara ikibaki somo lake la mtihani.

Midomo, vitate na silabi

Baadhi ya wanafunzi wana uziwi wa kiasi na hutegemea kuisoma midomo ya mwalimu. Mwalimu wa Kiswahili na asimame mbele ya kioo atamke baba, mama, papa bila kutoa sauti. Midomo itafanya jambo moja mara tatu. Sauti p, b na m zote hutamkiwa midomoni, na kinachozitofautisha, yaani mghuno na unazali, hakionekani. Zoezi la vitate kama pata na bata, ambalo tunalipenda sana, halina maana yoyote kwa msoma midomo mpaka liandikwe ubaoni. Likishaandikwa, huenda yeye akawashinda wenzake. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya mama haitofautishi r na l huandika anavyotamka. Kiziwi huandika alivyoona. Sharti lenyewe ni dogo, nalo ni mwalimu asizungumze huku ameelekea ubao.

Ushairi ndio unaodhaniwa kuwa haufikiki kabisa. Je, asiyesikia atajuaje vina na mizani? Hapa tahajia ya Kiswahili inatusaidia kuliko tunavyoitambua. Kwa kuwa tunaandika takribani kama tunavyotamka, kina huonekana kwa jicho mwishoni mwa kipande, na mizani inaweza kuhesabiwa kwa kidole. Tuchukue mshororo huu niliouunda kwa ajili ya zoezi:

Mwalimu sogeza kiti, mtoto apate ona.

Mwanafunzi aambiwe ahesabu irabu. Kipande cha kwanza kina irabu nane, nacho kina mizani minane. Cha pili kina irabu saba, ilhali mizani ni minane. Iliyosalia iko wapi? Iko katika m ya mtoto, ambayo ni silabi peke yake, tofauti na m ya mwalimu iliyoungana na w. Kanuni ni hii: hesabu irabu, kisha uongeze nazali zinazosimama peke yake, kama zile za mtu, nchi na mbwa. Nimeona vitabu vinavyomwambia mwanafunzi ‘asikilize mapigo’ pasipo kumpa kanuni hii, na hata wanaosikia vizuri hukosea.

Kanuni hii ina mahali pake pagumu. Mbaya katika ‘mtu mbaya’ lina silabi tatu, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli ya A-WA na hutamkwa peke yake. Mbaya katika ‘nyumba mbaya’ lina silabi mbili. Tahajia ni moja. Anayesikia huamua kwa sikio, mara nyingi bila kujua sababu. Asiyesikia hana budi kuamua kwa sarufi, atazame nomino inayosifiwa na ngeli yake. Mwalimu akilieleza jambo hili kwa ajili ya mwanafunzi mmoja kiziwi, darasa zima litakuwa limefundishwa uhusiano wa mofolojia na arudhi ambao wengi wetu tuliukuta chuo kikuu.

Kuna na hizi tunazoziita ‘tanakali za sauti’. Kuanguka majini chubwi ni sauti, sikatai. Lakini nyeupe pe, nyeusi ti na giza totoro zina sauti gani? Weupe haulii. Huenda istilahi ‘viigizi’ ingekuwa ya haki zaidi, kwa lugha na kwa kiziwi pia, maana giza totoro yeye analijua vizuri tu.

Nukta sita

Kwa mwanafunzi asiyeona mambo hugeuka. Sikio lake ni zima, na masimulizi, methali, vitendawili na arudhi vyote viko katika milki yake. Kinachomkwamisha ni ukurasa. Breli, au maandishi ya nukta nundu, huandika herufi kwa mpangilio wa nukta sita, na kwa kuwa Kiswahili hutumia herufi za Kilatini, ujifunzaji wake si mgumu mno. Ugumu uko katika wingi wa karatasi: riwaya moja ya kawaida huwa majuzuu kadhaa mazito. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila vinapobadilishwa kazi ya kuvihamishia katika Breli huanza upya huku wanafunzi wanaoona wakiwa wamekwisha kuanza kusoma. Suala hili linawahusu wachapishaji na wizara, na sitalifuatilia zaidi.

Lililo mikononi mwa mwalimu ni ulimi wake. Tazama ni mara ngapi kwa kipindi kimoja tunasema ‘neno hili hapa’, ‘mstari huu’, ‘linganisha hiki na kile’ huku tukielekeza kidole. Viashiria ni mada ya sarufi tunayoifundisha, lakini kwa asiyeona kiashiria kisicho na nomino ni shimo. ‘Neno la tatu katika mstari wa pili, yaani alipofika’ huchukua pumzi mbili zaidi. Vivyo hivyo, umbo la shairi kwenye ukurasa, ukwapi upande mmoja na utao upande mwingine, lielezwe kwa maneno, kwani swali la mtihani kuhusu umbo halimngojei yeyote.

Nao wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, husahaulika kwa kuwa hawatumii Breli. Hao wanahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele na dirisha lisilowapiga macho.

Ugumu usioonekana

Mwanafunzi mwenye disleksia ndiye anayeadhibiwa zaidi, maana anaonekana na kusikika kama wengine. Tahajia ya Kiswahili humfaa, ila urefu wa maneno humshinda. Neno kama hawatawasomeshea humjia kama ukuta. Likikatwa ha-wa-ta-wa-som-esh-e-a, kila tofali linashikika. Uchanganuzi wa mofimu, ambao tumeufanya kuwa swali la kuwaonea watahiniwa, kwa mtoto huyu ni ngazi ya kusomea.

Mafunzo yetu wenyewe

Tangu 1986 Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwa ikiwaandaa walimu wa fani hii, lakini walimu wa Kiswahili wanaotoka vyuo vikuu ni wengi kuliko inavyoweza kuwafikia. Pendekezo la makala haya ni moja. Katika kozi ya mbinu za kufundishia Kiswahili, kila mwanafunzi wa ualimu huandaa maandalio ya somo na kufundisha mbele ya wenzake. Mmoja wa wenzake hao azibwe masikio, mwingine afungwe macho, na mada iwe ile ile iliyopangwa, vitate au bahari za ushairi au viashiria. Mhadhiri atoe alama kwa yale ambayo hao wawili watakuwa wameyapata kufikia dakika ya arobaini. Zoezi hili halihitaji bajeti, wala kibali cha wizara, na linaweza kuanza muhula ujao.