Bendera ya Pangani, Vifo vya Pugu

Miji midogo ya Ujerumani huhifadhi historia yake katika ngao. Freising, huko Bavaria, unamkumbuka Mtakatifu Korbiniano kwa dubu aliyebeba mzigo, na Papa Benedikto XVI alimweka dubu huyo katika ngao yake ya kipapa. Alama ya upole. Pwani yetu ilizijua alama za Wajerumani kwa namna nyingine.

Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ilipandisha bendera yake Pangani kando ya ile ya Sultani. Watu hawakuona kitambaa tu. Waliona nani sasa atatoza ushuru, na nani atatawala. Vita vikazuka, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wake mashuhuri.

Mwaka huohuo Wabenediktini kutoka Bavaria walifungua misheni Pugu, kwenye vilima vya msitu upande wa Kisarawe, si mbali na sisi wa Tumbi. Walipokea watumwa waliokombolewa. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilivamiwa: mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa.

Ni rahisi kusema waliuawa kwa ajili ya msalaba, tukaishia hapo. Lakini wamonaki hao walisema lugha ya maofisa wa Kampuni, wakafika nyakati zilezile. Mvamizi aliona msalaba, au bendera? Tunadhani aliona vyote viwili kama kitu kimoja, na hilo halipunguzi utakatifu wa waliokufa.

Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889.