Simu Iliyopoteza Namba Tambulishi Baada ya Kufleshiwa

Kwa mkazi wa Mkongo, Kibiti au delta ya Rufiji, simu ndiyo benki yake. Na wakati wa mafuriko kama yale ya Aprili 2024, ndiyo njia ya kuwajulisha ndugu kwamba yu salama. Simu inapotoka kwa fundi ikiwaka vizuri lakini haishiki mtandao, hasara yake si ndogo. Katika somo hili tunaeleza chanzo cha tatizo hilo na namna ya kulitatua.

Namba hiyo ni ipi?

Kila simu halali ina namba tambulishi ya tarakimu 15, ijulikanayo kama IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho huhakiki usahihi wa zilizotangulia. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili.

Hupoteaje?

Namba hutunzwa katika sehemu maalumu ya kumbukumbu ya simu. Fundi akiweka programu endeshi isiyo ya toleo la simu hiyo, au akifuta kumbukumbu yote bila kuinusuru sehemu hiyo, namba huweza kupotea au kuharibika.

Hatua za kuchukua

1. Bonyeza *#06#. Linganisha namba inayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi au chini ya betri.

2. Zikilingana, tatizo huenda liko kwingine. Jaribu laini nyingine, kisha fundi akague antena.

3. Namba isipotokea, au zikitokea sifuri tupu, fundi aweke programu endeshi ya toleo halisi, kisha arejeshe nakala ya sehemu ile iliyotunzwa kabla ya kazi. Nakala ya simu nyingine haifai.

4. Kama nakala haipo, peleka simu kwenye kituo kilichoidhinishwa na mtengenezaji, ukiwa na boksi na risiti.

5. Mtandao ukirudi, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litaje aina ya simu uliyonayo mkononi.

Tahadhari

Fundi akisema atakupachikia namba nyingine, kataa. Kubadilisha namba tambulishi ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Aidha, namba ya kupachikwa yaweza kuwa ya simu iliyoibwa; ikifungiwa, yako nayo hukosa mtandao. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilifungiwa nchini kote, na waliozinunua kwa fedha zao wakabaki nazo bila mawasiliano.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kumkabidhi fundi simu yako, andika namba zake daftarini, mtake atunze nakala kwanza, na udai risiti inayotaja kazi atakayoifanya.