Maneno Yenye Sauti Moja

Nahodha mmoja wa pwani alikuwa akiongoza chombo cha tajiri aliyekaa mbali, mjini Mombasa. Barua za tajiri huyo zote zilikuwa za Kiingereza. Siku moja upepo ulipasua tanga. Nahodha hakujua kusoma, basi akamwita mwana wa nduguye aliyekuwa shuleni, akamwambia, "Mwanangu, mwandikie tajiri habari ya tanga la chombo chake, anijibu upesi." Kijana akaandika: "Sir, I am writing about the sale of your boat. Please answer quickly."

Tajiri alipoisoma alikasirika mno, akatuma mtu kumnyang'anya nahodha chombo. Kwa nini? "Sail" ni tanga, bali "sale" ni kuuza. Tajiri alisoma kwamba chombo chake kinauzwa! Mambo yalipoelezwa nahodha alirudishiwa chombo, lakini siku nyingi za safari zilikwisha potea, wala kosa si lake. Amwandikiaye mwenziwe ameshika amana.

Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, Kiingereza sivyo. Hapo kale Waingereza waliitamka hata herufi k iliyo katika "knew". Mwaka 1476 William Caxton alileta Uingereza mtambo wa kupiga chapa. Baadaye vitabu vikaenea, na maandiko yakazidi kushika desturi moja, hali sauti zikaendelea kugeuka. Ndiyo maana leo "knew" na "new" husikika sawasawa.

Basi sikio peke yake halitoshi. Kabla ya kuandika, mwanafunzi na ajiulize maana:

"Hear" ni kusikia. Ndani yake mna "ear", yaani sikio. "Here" ni hapa.

"Their" huonyesha wenye kitu. Mahali pake paweza kutiwa "our". "There" ni pale. Ndani yake mna "here".

"Two" ni mbili. "Too" ni pia, au kupita kiasi.

MAZOEZI

Chagua neno lifaalo, kisha eleza maana ya lile uliloliacha.

1. The fishermen left ..... nets on the sand: there, their.
2. We could not ..... the bell: here, hear.
3. This load is ..... heavy for one man: two, too.
4. She ..... the way home: new, knew.
5. The wind tore the .....: sale, sail.