Kumchunguza Mtoto Aliyefariki Bila Kumpasua



Mama mmoja jirani yangu huku Mbagala alifiwa na mtoto wa miezi minane. Daktari aliomba ruhusa ya kuupasua mwili ili ajue sababu. Wazee wa ukoo wakakataa: "Mtoto amekwisha teseka, mwacheni." Akazikwa siku ile ile. Mama alipopata mimba nyingine, mkunga alimwuliza yule wa kwanza alikufa kwa nini. Hakuwa na jibu. Siwalaumu wazee wale, nami ningesita.

Lakini yafaa tujue kwamba kisu si njia pekee. Katika hospitali ya Great Ormond Street, London, mwili wa mtoto waweza kulazwa ndani ya mashine ya MRI, kama apimwavyo mgonjwa aliye hai. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilitoa habari za miili 400 ya watoto, pamoja na waliofia tumboni, iliyochunguzwa kwa njia zote mbili. Picha, zikisaidiwa na vipimo vidogo kama vya damu, zilikubaliana na upasuaji karibu mara 9 katika kila 10. Ila kwa waliopita umri wa mwaka mmoja zilikubaliana kwa nusu na zaidi kidogo tu.

Kwa nini? Picha huonyesha vizuri maumbile: moyo wenye kasoro ya kuzaliwa, au damu iliyovuja kichwani. Vijidudu vya ugonjwa haivioni. Tena mapafu hubadilika baada ya kifo, yakafanana na yenye nimonia. Nasi huku watoto wetu wengi huuawa na maambukizo.

Ndiyo maana huko Kisumu na Siaya, Kenya, watafiti wa KEMRI katika mradi wa CHAMPS walitumia sindano. Kwa idhini ya wazazi walichukua damu na vipande vidogo sana vya pafu, ini na ubongo, mwili usifumuliwe. Malaria, utapiamlo na VVU vilionekana miongoni mwa sababu, na wazazi wakaelezwa majibu.

Mashine za MRI zipo Muhimbili, ingawa kazi yake ya kwanza ni kwa walio hai, na kusoma picha ya maiti ya mtoto kwataka mtaalamu aliyejifunza hasa. Basi kabla ya kukataa, mwulizeni daktari: je, picha au sindano yawezekana hapa? Nani atatusomea majibu, na lini? Katika kifo chenye mashaka, hata hivyo, sheria yaweza kuamuru upasuaji hata ndugu wasipotaka.